Habari za Wanafunzi Wauguzi katika Vyumba vya Upasuaji vya Buha

Habari za tiba zimeandikwa mara nyingi kama kwamba ni habari za madaktari peke yao. Jina la mpasuaji hubaki vitabuni, picha yake hutundikwa ukutani, na pengine hospitali yenyewe huitwa kwa jina lake. Lakini kila aliyepata kuingia katika chumba cha upasuaji, akiwa mzima au mgonjwa, ajua kuwa kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Yupo anayemlaza mgonjwa na kumfunika. Yupo anayempa dawa ya usingizi. Yupo anayepokeza kisu na kupokea koleo lenye damu. Na yupo asimamaye karibu na ukuta, mikono ameifumbata kifuani asiguse kitu, macho yamemtoka. Huyu wa mwisho ni mwanafunzi. Jina lake halimo katika daftari la upasuaji, wala hahesabiwi katika taarifa za mwaka. Hata hivyo ndiye atakayeifanya kazi hiyo kesho, na jinsi anavyofundishwa leo ndivyo mgonjwa wa kesho atakavyoamka au asivyoamka.

Insha hii yakusudia kueleza habari za mwanafunzi huyo, hasa katika nchi ya Buha, yaani wilaya za zamani za Kasulu na Kibondo katika mkoa wa Kigoma, pamoja na Mtendeli, mahali palipojulikana duniani kwa sababu ya kambi yake ya wakimbizi. Habari za Buha haziwezi kusimama peke yake, kwa kuwa elimu ya upasuaji ilifika huko kwa njia ndefu yenye vituo vingi. Kwa hiyo itatupasa kupita kwanza katika nchi nyingine, kisha turudi nyumbani. Swali litakalotuongoza ni moja: mwanafunzi alifundishwa nini katika chumba kile? Alifundishwa kutii tu, au alifundishwa pia kusema?

Buha ni nchi ya miinuko, baina ya Ziwa Tanganyika na mabonde ya mto Malagarasi, na mpaka wake wa magharibi na kaskazini wapakana na Burundi. Zamani ilikuwa na watawala wake katika Heru, Muhambwe, Buyungu na kwingineko. Ni nchi yenye mvua na rutuba juu milimani, lakini mabondeni kuna misitu ya miombo na ndorobo, na katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ilihamisha watu wengi wa sehemu za Kibondo na kuwakusanya pamoja ili kuwaepusha na ugonjwa wa malale. Reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilipita mbali kusini, nayo Buha ikajulikana zaidi kwa vijana wake waliokwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko kuliko kwa mazao yake. Nchi iliyotoa nguvu za watu wake kwa wengine ilibaki na njia mbaya na hospitali chache.

Jambo hili lina maana kubwa katika habari zetu. Mahali ambapo hospitali i karibu, mgonjwa hufika mapema, na mwanafunzi huanza kujifunza kwa mambo mepesi: jipu la kupasua, kidonda cha kushona. Mahali ambapo hospitali i mbali, mgonjwa hufika amechelewa. Mwenye ngiri huletwa utumbo umekwisha kaza. Mwanamke huletwa machelani baada ya siku mbili au tatu za uchungu, njia za masika zikiwa hazipitiki. Basi mwanafunzi wa nchi kama Buha hakupewa ngazi ya kupanda taratibu. Alianzia juu ya mlima.

Wengi hudhani kwamba kabla ya kuja kwa Wazungu hapakuwa na upasuaji wa maana katika nchi zetu za maziwa makuu. Dhana hiyo yapingwa na ushahidi wa Mzungu mwenyewe. Mwaka 1879 Robert Felkin, aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia katika Bunyoro mwanamke akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe, na mwaka 1884 akaandika habari hizo katika jarida la madaktari la Edinburgh. Alieleza kuwa mgonjwa alinyweshwa mvinyo wa ndizi hata akalewa. Kwamba mikono ya mpasuaji na tumbo la mgonjwa vilioshwa kwa mvinyo huo huo, kisha kwa maji. Kwamba damu ilizuiwa kwa chuma cha moto. Na kwamba jeraha lilifungwa kwa pini saba za chuma zilizozungushiwa uzi wa gome la mti. Siku kumi na moja baadaye mama na mtoto walikuwa hai.

Wasomi wamevutiwa sana na mvinyo na pini hizo, na ni haki yao. Mimi nataka tuwatazame watu wengine katika habari ile. Felkin asema kuwa mpasuaji hakuwa peke yake: alikuwapo msaidizi aliyemshika mgonjwa miguu, na mwingine aliyelishika tumbo na kuzizuia kingo za jeraha zisifumbe. Nani aliwafundisha watu hao mahali pa kushika, na wakati wa kuachia? Hapana shaka walijifunza kwa kusimama karibu na waliowatangulia, wakitazama kwanza, wakisaidia baadaye. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya chumba cha upasuaji, nayo haikuwa na kuta. Tukumbuke pia kuwa Joseph Lister alikuwa ametangaza njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboli mwaka 1867, miaka kumi na miwili tu kabla ya siku ile ya Bunyoro, na katika Ulaya yenyewe walikuwako bado wapasuaji waliomcheka.

Shule yenye kuta ilianza Ulaya. Florence Nightingale alifungua chuo chake katika hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, na toka hapo uuguzi ukawa kazi yenye masomo, mitihani na sare. Lakini kazi ya mwuguzi ndani ya chumba cha upasuaji ilikua baadaye, dawa za usingizi na usafi wa vyombo vilipowawezesha madaktari kupasua bila ya haraka. Karibu na mwaka 1890, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, mwuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alichubuka mikono kwa ajili ya dawa kali ya kuulia vijidudu. Daktari William Halsted akaagiza kiwanda kimtengenezee glavu za mpira. Glavu hizo zilikusudiwa kulinda ngozi ya mwuguzi. Baadaye ndipo ilipotambulikana kuwa zamlinda mgonjwa pia. Kwa hiyo kila mwanafunzi wa Kabanga au Kibondo anapovaa glavu, avaa kitu kilichobuniwa kwa sababu ya maumivu ya mwuguzi mwenziwe. Ni vizuri alijue jambo hilo, maana lamfundisha kuwa hali ya mtumishi na usalama wa mgonjwa havitengani.

Katika Afrika ya Mashariki elimu hii ililetwa zaidi na hospitali za misheni. Albert Cook alifika Uganda mwaka 1897 na kufungua hospitali ya Mengo, naye alikuwa pamoja na mwuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye alikuwa mkewe na mwalimu wa wakunga wa Kiganda. Katika Tanganyika, serikali ya Waingereza toka miaka ya 1920 ilitegemea sana watu walioitwa madresa, vijana wanaume waliofundishwa kufunga vidonda, kupiga sindano na kugawa dawa katika zahanati za vijijini. Hospitali iliyokuwa na daktari mmoja ilimchagua dresa mwenye mkono mtulivu, ikampeleka chumba cha upasuaji. Hakuwa na cheti cha kazi hiyo. Alijifunza kwa kuitwa.

Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1935, na ambaye alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania toka mwaka 1975 hata 1980, alifanya kazi miaka mingi Lulindi na Mnero, akiwafundisha Waafrika uuguzi na kusaidia katika upasuaji. Maisha yake yatuonyesha jambo lililokuwa kweli katika hospitali nyingi za misheni: mpasuaji aliye peke yake hana budi kuwa mwalimu, apende asipende, kwani asipomfundisha mtu wa kumpokeza vyombo hawezi kupasua. Katika Buha pia, Wakatoliki huko Kabanga, karibu na Kasulu, na Waadventista Wasabato huko Heri, katika milima ambayo sasa ni ya wilaya ya Buhigwe, walijenga hospitali, na hospitali hizo zikapata kuwa na vyuo vya uuguzi.

Elimu ya kuitwa iligeuka kuwa elimu ya kuandikwa kwa sheria ya mwaka 1952 na Baraza la Wauguzi na Wakunga lililoundwa mwaka 1953. Toka hapo mwuguzi wa Tanganyika alikuwa na daftari la kuandikishwa na mitihani ya kushinda. Mwaka 1956 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali ya Princess Margaret, ambayo sasa ni Muhimbili. Hata hivyo uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, madaktari wazalendo walikuwa wachache sana. Idadi inayotajwa kila mara ni 12 kwa nchi nzima. Katika hali hiyo wauguzi na waganga wasaidizi walikuwa ndio nguzo za nyumba.

Sasa tuingie chumbani. Mwanafunzi huingia akiwa amefundishwa darasani majina ya vyombo na mifupa ya mwili, naye hudhani kuwa ajua. Mlangoni huvua nguo zake na viatu vyake, huvaa nguo za chumba, kofia na barakoa. Huo ndio mshangao wa kwanza: watu aliowajua wodini sasa wote wamekuwa macho tu, na yampasa ajifunze kuwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Mshangao wa pili ni kwamba chumba kimegawanyika kwa mpaka usioonekana. Upande huu ni safi kwa maana ya kila siku. Upande ule umetakaswa hata kijidudu kimoja kisiwepo. Nguo ya kijani iliyofunika meza hairuhusiwi kuguswa na mkono usio na glavu. Anayeugusa mpaka huo hata kwa ncha ya kiwiko hufukuzwa mezani, na kitambaa kizima hubadilishwa. Kwa mwanafunzi aliyekulia kijijini, ambako usafi ni jambo la kuonekana kwa macho, hii ni elimu mpya kabisa: kuamini uchafu usioonekana, na kuuogopa kuliko ule unaoonekana.

Kisha hufundishwa kunawa. Huanza na vidole, kucha kwa brashi, viganja, migongo ya mikono, hadi viwikoni, mikono ikishikwa juu ili maji yateremke kutoka penye usafi kwenda penye uchafu. Huambiwa afanye hivyo kwa dakika kadhaa zilizohesabiwa kwa saa. Ni rahisi kuliandika jambo hili. Si rahisi kulitenda katika nchi ambayo maji huchotwa bondeni. Hospitali nyingi za milimani zilitegemea maji ya mvua yaliyokusanywa katika matangi, na wakati wa kiangazi msaidizi alisimama na jagi, akimmiminia mpasuaji kidogo kidogo, kisha mwuguzi, kisha mwanafunzi. Mwanafunzi alinawa mwisho, kwa maji yaliyobaki, naye alitakiwa awe safi sawa na wa kwanza.

Hufundishwa pia kutakasa vyombo. Vitambaa, magauni na shashi hukunjwa kwa namna maalumu, hufungwa, hutiwa katika autoklevu, yaani chungu kikubwa cha chuma chenye mvuke uliozuiwa hata joto lipite la maji yachemkayo na kufika nyuzi 121. Mahali pasipo na umeme chungu hicho kilipashwa moto kwa jiko la mafuta ya taa au kwa kuni. Mwanafunzi huona kazi hii kuwa ya kuchosha, wala hakuna anayemsifu. Lakini vifo vingi vya baada ya upasuaji huanzia hapo: kwa aliyefungua mfuniko kabla ya wakati, kwa aliyejaza mafurushi mengi mno hata mvuke usipenye. Kosa la autoklevu hufichika siku tano, kisha hutokea wodini likiwa usaha na homa.

Mezani wauguzi ni wawili. Mmoja amenawa na kuvaa gauni lililotakaswa, naye husimama karibu na mpasuaji na kumpokeza vyombo. Wa pili hakunawa, naye huzunguka chumbani, hufungua mafurushi, huleta kinachohitajika, huandika. Mwanafunzi huanza kwa kumfuata huyu wa pili, na siku akionekana yu tayari hupewa nafasi ya kusimama pamoja na yule wa kwanza. Hapo hufundishwa kupokeza mkasi ili mpini ufike kiganjani mwa mpasuaji na ncha ielekee kwingine. Hufundishwa kutangulia kwa mawazo, ajue kuwa baada ya kisu litatakiwa koleo, na baada ya koleo uzi. Walio hodari hupokeza kabla ya kuulizwa, na upasuaji wa watu waliozoeana huweza kupita kimya, kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja bila michi kugongana.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ambayo mwanafunzi hukabidhiwa ni kuhesabu. Kabla ya kisu kugusa ngozi, wauguzi wawili huhesabu kwa sauti shashi, sindano na makoleo yote, na hesabu huandikwa ubaoni. Kabla ya tumbo kufungwa huhesabu tena. Kabla ya ngozi kushonwa huhesabu mara ya tatu. Shashi iliyolowa damu hufanana na nyama ya mwili, na ikisahaulika tumboni huoza na kuua. Ikiwa hesabu haikutimia, mpasuaji hana ruhusa ya kufunga, awe nani. Hapa twaona jambo la ajabu katika chumba kile chenye vyeo vilivyopangwa kama ngazi: mtu wa chini kabisa, aliyepewa kazi ya kuhesabu vitambaa, ana neno linaloweza kumsimamisha mtu wa juu kabisa.

Ana neno, lakini je, hulisema? Hapa ndipo penye uzito wa habari zetu. Vizazi vingi vya wanafunzi vililelewa katika vyumba hivyo kwa hofu. Mpasuaji alikuwa mbali nao kwa elimu, kwa umri, na zamani kwa rangi na lugha pia. Chombo kilichopokezwa vibaya kilitupwa sakafuni; swali lilijibiwa kwa ukali; aliyezirai kwa kuona damu alichekwa mwaka mzima. Wengi walijifunza kuwa usalama wao u katika kunyamaza. Mila zetu nazo ziliongeza uzito, kwani kijana hamkosoi mkubwa mbele ya watu, na binti hainui sauti mbele ya wazee. Heshima ni pambo la jamii, wala siandiki ili kuishusha. Lakini shashi iliyosahaulika haijui heshima. Mwanafunzi aliyeona mpasuaji akigusa mahali pasipotakaswa, au aliyejua kuwa hesabu imepungua kwa moja, alisimama baina ya adabu mbili: adabu kwa mkubwa aliye mbele yake, na adabu kwa mgonjwa aliyelala asiyeweza kujitetea.

Watetezi wa njia ya zamani husema kuwa chumba cha upasuaji si baraza, na kwamba damu inapovuja hapana nafasi ya majadiliano. Wasema kweli kwa upande mmoja. Mkono wapaswa kutii upesi, na mwanafunzi anayeuliza sababu ya kila amri ni hatari. Lakini hoja hiyo yachanganya mambo mawili. Utii wa mkono ni jambo moja, uhuru wa ulimi katika jambo la hatari ni jambo jingine. Baharia hutii nahodha katika kila kamba na kila tanga, lakini baharia aonaye mwamba mbele asiposema hana utii, ana woga.

Kigoma yenyewe ilitoa ushahidi mkubwa juu ya nguvu ya utaratibu na ya watumishi wa chini. Daktari Godfrey Mbaruku alipokuwa katika hospitali ya mkoa ya Kigoma, vifo vya wazazi vilikuwa vingi mno. Baina ya mwaka 1984 na 1991 yalifanywa matengenezo 22, mengi yakiwa ya kupanga upya kazi na kutumia vema vilivyomo tayari hospitalini. Taarifa aliyoitoa pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995 ilionyesha kuwa vifo vilipungua kutoka 933 hata 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Hapakuwa na utajiri mpya ulioshuka Kigoma miaka ile. Bali miaka ile ilikuwa ya dhiki kubwa kwa Tanzania nzima. Kilichobadilika zaidi ni namna watu walivyofanya kazi pamoja.

Ushahidi wa pili ulitolewa mwaka 2009, wachunguzi walipotazama upasuaji wa wazazi katika hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma. Waliona kuwa sehemu iliyo kubwa ya upasuaji huo ilifanywa na madaktari wasaidizi, watu ambao mafunzo yao yalianzishwa nchini baada ya uhuru, na kwamba matokeo ya kazi yao hayakupungukiwa na yale ya madaktari wenye shahada. Wengi wao hupasua wakisaidiwa na wauguzi, na mara nyingi dawa ya usingizi hutolewa na mwuguzi aliyefundishwa kazi hiyo. Kwa hiyo katika Kasulu na Kibondo mwanafunzi mwuguzi hayupo ukingoni mwa mambo. Anayemtazama leo akichoma ganzi mgongoni huenda ni mwuguzi kama yeye, na nafasi ile huenda ikawa yake.

Tumefika Mtendeli. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa mwezi Oktoba 1993, mamia ya maelfu ya watu walikimbia nchi yao, na wengi waliingia Buha. Zikafunguliwa kambi nyingi katika Kibondo na Kasulu, Mtendeli ikiwa mojawapo. Kambi hiyo ilifungwa watu waliporudi kwao, ikafunguliwa tena mwezi Januari 2016 baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 2015, wakati huo mahali pale pakiwa tayari katika wilaya mpya ya Kakonko iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Maji yalikuwa haba Mtendeli. Mwezi Desemba 2021 kambi ilifungwa, na waliosalia walihamishiwa Nduta.

Wagonjwa wa kambi waliohitaji kupasuliwa walipelekwa kwa gari katika hospitali zilizo nje, kama ile ya wilaya ya Kibondo. Fikiri, msomaji, hali ya mwanamke wa namna hiyo. Amekimbia nchi yake. Amepakiwa garini usiku, pengine bila ndugu. Amefika katika jumba asilolijua, na watu waliofunika nyuso wanamwambia kwa Kiswahili kuwa atapasuliwa tumbo. Karatasi ya kukubali yaletwa ili aweke dole gumba. Daktari huenda ametoka Mbeya au Moshi, na Kiswahili ndicho alicho nacho. Kirundi hakijui.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiha anapoonekana thamani yake. Kiha na Kirundi ni lugha zilizo karibu sana, hata wasemaji wake husikilizana bila mkalimani. Binti wa Kasulu aliye mwaka wa pili chuoni, ambaye chumbani haruhusiwi hata kugusa kitambaa cha kijani, ndiye pekee awezaye kumwuliza mgonjwa amekula lini, amepasuliwa siku za nyuma, ana mzio wa dawa gani, anaogopa nini. Kila moja ya maswali hayo laweza kuokoa roho. Mgonjwa aliyekula karibuni hutapika akiwa usingizini na kupaliwa. Kovu la zamani hubadilisha namna ya kupasua. Juu ya hayo, mgonjwa asiyeelewa hajakubali, hata kama dole lake limepakwa wino. Kukubali ni jambo la moyo unaofahamu, na ufahamu hupita katika lugha.

Basi twaona jinsi vyeo vya chumba vinavyopinduka. Aliye wa mwisho katika kunawa ni wa kwanza katika kumfikia mgonjwa. Mkufunzi mwenye hekima humtumia mwanafunzi wa namna hiyo kwa heshima, humwita mbele, humpa muda. Asiye na hekima humwita kama mtu aitavyo chombo, atafsiri upesi kisha arudi ukutani, na mwanafunzi hujifunza kuwa lugha ya mama yake ni jambo dogo. Mafunzo hayo mawili yote hudumu maisha.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitangaza orodha ya usalama wa upasuaji, karatasi moja yenye mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji nane ya dunia, na mojawapo ilikuwa ya Ifakara, katika nchi yetu. Matokeo yalitangazwa mwezi Januari 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hata 0.8 kwa kila wagonjwa mia. Katika mambo yaulizwayo yamo haya: hesabu ya shashi na sindano imetimia? Na kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Sharti hili la kutaja jina laweza kuonekana la adabu tu. Kwa historia tuliyoieleza, ni mapinduzi. Mwanafunzi aliyesimama ukutani bila jina tangu siku za madresa sasa hulazimika kufumbua kinywa mbele ya mpasuaji, aseme yeye ni nani na amekuja kufanya nini. Aliyekwisha kusema mara moja chumbani huona wepesi wa kusema mara ya pili, hesabu inapopungua. Lakini karatasi haijisomi yenyewe. Pakiwa na haraka au kiburi, hujazwa alama baada ya mgonjwa kutoka, na ukimya wa zamani huendelea ukiwa umevaa nguo mpya. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeweka wazi wajibu na miiko ya kazi hii. Kuitia uhai ni kazi ya wanaofundisha kando ya meza.

Kwa mwanahistoria liko jambo moja zaidi la kutenda. Madaftari ya upasuaji ya hospitali za Buha yana majina ya wagonjwa, maradhi na wapasuaji. Majina ya wanafunzi hayamo. Lakini wazee waliokuwa wanafunzi katika miaka ya 1960 na 1970 wapo bado Kasulu, Kibondo na Kakonko, nao wakumbuka nani aliwafundisha kwa upole na nani kwa hofu, maji yalitoka wapi, na usiku upi taa ilizimika tumbo likiwa wazi. Wanafunzi wa vyuo vyetu vikuu wanaotafuta habari za kuandikia tasnifu wangefanya vema kuwaendea, wenye kujua Kiha wakitangulia. Mzee mmoja akifa, chumba kizima cha upasuaji hufungwa pamoja naye, na hapana autoklevu wala orodha itakayokifungua tena.